Akiba na Uchoyo

Mwezi wa Oktoba mwaka jana watu 26 wa parishi yetu tulifunga safari kwenda kuitazama Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wengi walitushangaa. Walituuliza kwa nini tumechagua Oktoba, wakati jua la kiangazi linakausha hata mate kinywani. Jibu letu lilikuwa rahisi. Mwezi huo pamba imekwisha kuuzwa, mashamba hayajaanza kulimwa, na mvua bado hazijanyesha. Mkulima husafiri anapopata nafasi, si wakati hali ya hewa inapompendeza.

Hatuandiki habari hii ili kuwahesabia wanyama tuliowaona. Tunaandika kwa sababu tulirudi na swali ambalo limetusumbua mpaka leo, nalo ni hili: mtu akiweka kitu akiba huku wenzake wana kiu, je, huyo ni mwenye busara au ni mchoyo? Swali hilo lilianzia kwenye dumu la maji. Kabla jua halijatua lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko dumu.

Tuliondoka Didia saa 8 usiku kwa basi dogo la kukodi. Tulipita Shinyanga mjini, tukashika njia ya Mwigumbi, Maswa na Bariadi, na jua lilipochomoza tulikuwa tunakaribia Lamadi, mahali ambapo barabara hiyo hukutana na ile itokayo Mwanza kwenda Musoma. Hapo si mbali na lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Tulilipa ada kwa shilingi kama wananchi, tukapewa askari wa hifadhi wa kutuongoza, tukaingia.

Asubuhi ile kila mtu alijiona tajiri wa maji. Tulikuwa na madumu matatu ya lita 20. Vijana walinawa miguu, watoto walirushiana, na dereva alisafisha kioo mara mbili. Tena chakula chetu kilikuwa michembe na matobolwa, na kila mwenyeji wa huku anajua kuwa viazi vikavu huita maji. Dumu la kwanza liliisha kabla ya saa 4. La pili liliisha saa 6. La tatu lilikuwa chini ya kiti cha mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, naye alikataa katakata kulifungua.

Manung'uniko yakaanza. Joto lilikuwa kali, upepo ulioingia dirishani ulikuwa kama unatoka jikoni, na udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Kijana mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mama huyu ni mchoyo hata safarini." Yule mama hakujibu. Alisema tu, "Jua bado, wanangu."

Tulifika mto Grumeti. Wakati wa masika mto huo hufurika, bali Oktoba tuliukuta umebaki madimbwi. Katika dimbwi moja viboko walikuwa wamebanana kama magunia ghalani, mgongo juu ya mgongo, ndani ya maji mazito yenye harufu. Mamba walilala ukingoni wasitikisike. Tuliona pundamilia, nyamera, twiga na tembo wachache chini ya migunga. Lakini wale nyumbu wengi ambao kila mtu huwaona kwenye kalenda hawakuwapo, isipokuwa vikundi vidogo vya wale wasiohama. Wengine wetu walilalamika kuwa tumelipa bure.

Askari alitupa maelezo ambayo hatukuyategemea. Alisema nyumbu huzaa mwanzoni mwa mwaka katika tambarare za kusini-mashariki, ambako majani ni mafupi lakini yana nguvu kwa sababu udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Nchi ile iko nyuma ya milima ya Ngorongoro, nayo milima huzuia mvua. Ifikapo Mei au Juni maji yake yamekauka au yamekuwa ya magadi. Basi nyumbu huondoka, wakapita upande wa magharibi, kisha wakaelekea kaskazini kwenye mto Mara, ambao haukauki. Tambarare walizoziacha hupumzika miezi mingi. "Hamkuwaona," akasema, "kwa sababu wamekwenda. Na wako hai kwa sababu huwa wanakwenda. Wangeng'ang'ania pale pale mwaka mzima, wangekwisha."

Saa 8 mchana, tukiwa tumegeuza kurudi, rejeta ya basi ilichemka. Mvuke ulitoka, gari likazimika katikati ya mbuga isiyo na kivuli. Sheria ya hifadhi hairuhusu abiria kushuka ovyo, kwa hiyo tulikaa ndani ya bati lile la moto, askari akasimama nje na bunduki yake, dereva akafungua boneti. Mtoto wa miaka 6 alianza kutapika. Mzee mwenye shinikizo la damu akalegea. Dereva akauliza kwa sauti ya kukata tamaa, "Hakuna maji kabisa?"

Ndipo mama yule alipoinama akalivuta lile dumu. Alianza na mtoto, kisha mzee, kisha kila mmoja kikombe kimoja. Injini ilipopoa, dereva akapewa maji yaliyobaki, na baada ya saa nzima tukaondoka. Ni yule kijana aliyesema maneno ya asubuhi aliyegundua jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. Kikombe cha mama kilikuwa kikavu. Hakuwa amekunywa tangu saa 6, sawa na sisi. Alikuwa amekalia maji siku nzima na kiu yake mwenyewe.

Tulipokaribia lango, nyasi za hifadhi zilikuwa upande mmoja, ndefu, za rangi ya dhahabu. Nje ya mpaka tuliona ardhi tupu iliyokwanguliwa kama uwanja wa nyumba, na ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika. Pamoja nasi alikuwapo mzee mmoja mfugaji ambaye vijana wote wa parishi humwita Guku. Alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mama yetu amefungua dumu lake. Hawa wenye nyasi hizi watafungua lini?"

Ndugu wasomaji, hakuna aliyemjibu. Mwaka mmoja wa ukame Guku alipoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe wake. Swali lake halikuwa la ubishi. Lilikuwa la mtu aliyewahi kusimama kwenye mpaka, mifugo yake ikifa nyuma yake, na nyasi zikiwa mbele yake. Tumelifikiri miezi hii, na leo tunajaribu kulijibu, kwa heshima yake na kwa ukweli.

Tuanze na neno lenyewe. Akiba na uchoyo vinafanana sana kwa nje. Kwa mchoyo na kwa mwenye akiba mlango umefungwa, na aliye nje huona mlango tu. Basi tutautambuaje uchoyo? Mama yule alitufundisha alama tatu. Ya kwanza, mtunza akiba huona kiu pamoja na wenzake. Mchoyo huwanyima wenzake mchana, usiku akanywa peke yake. Ya pili, akiba ina siku yake ya kufunguliwa. Kitu kisichofunguliwa hata siku ya shida si akiba, ni mali iliyofukiwa. Ya tatu, siku ya kufungua, aliye dhaifu hutangulia.

Alama hizi si ndogo. Tunamsifu Yusufu kwa sababu aliweka nafaka Misri wakati wa miaka 7 ya neema, na ghala zikafunguliwa njaa ilipokuja. Lakini tusisahau sehemu ya pili ya habari ile. Watu walinunua nafaka kwa fedha. Fedha zilipokwisha wakatoa mifugo yao. Mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Akiba iliwaponya na njaa ikawaacha bila uhuru. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mlango umefunguliwa. Yatupasa kuuliza umefunguliwa kwa bei gani.

Sasa turudi kwenye swali la Guku. Je, Serengeti ni akiba au ni uchoyo?

Tuseme kwanza linaloitetea. Serengeti imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 14,763. Ni eneo kubwa, lakini nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Lango likifunguliwa mwaka mmoja tu kwa ajili ya mifugo, wenye ng'ombe maelfu watafika kabla ya Guku na ng'ombe wake kumi, na nyasi zile zitakwisha upesi. Mwaka unaofuata kutakuwa na ukame ule ule, bila ng'ombe wala nyumbu. Tena nyumbu hana mlango mwingine wa kubisha. Mwaka 1993, ukame ulipokuwa mkali, nyumbu wengi sana walikufa kwa njaa ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Nyasi tunazoziona zimebaki si za anasa kwa wanyama. Ndizo posho yao ya kuvukia mpaka mvua.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Akiba hii ina watu walioilipia. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa, Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishwa. Michoro ya ngao zao ingalipo kwenye miamba ya Moru mpaka leo. Walio mpakani huku kwetu hulipa kila mwaka, tembo wanapoingia shambani usiku na kumaliza mahindi ya familia. Nao wageni hulala ndani ya hifadhi penye maji ya kuoga asubuhi na jioni, wakati mama wa kijiji cha jirani anachota maji ya lambo yenye tope. Tukiipima kwa alama ya kwanza, yaani mtunzaji aone kiu pamoja na wenzake, bado kuna deni. Kufunga lango kunaweza kuwa halali, na deni likabaki palepale. Anayetakiwa kuvumilia kwa faida ya wote anastahili kuiona faida hiyo ikifika nyumbani kwake, katika kisima, zahanati na fidia ya shamba lililoliwa. Asipoiona, tusimlaumu akiita akiba hiyo uchoyo.

Liko jambo moja tena, ambalo wengi hawalijui. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wetu na nyumbu wa Serengeti kwa pamoja. Miaka mingi baadaye ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walichanjwa, na sotoka ikatoweka hata kwa nyumbu ambao hawakuchomwa sindano hata moja. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walipita milioni moja. Maana yake, ng'ombe wa mfugaji aliposhikwa pembe akachanjwa, alimwokoa nyumbu asiyemjua. Mpaka umechorwa kwenye ramani, lakini uzima na mauti vinapita pande zote mbili. Aliye ndani na aliye nje ni majirani, wapende wasipende.

Hata hivyo, ndugu zetu, tungekuwa wanafiki tukiishia hapo, tukanyosha kidole kwenye lango la Ndabaka na kusahau nyumba yetu wenyewe. Sisi Wasukuma tulikuwa na dumu letu. Jina lake ni ngitili.

Wazee wetu walijua kwamba mkoa huu hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 tu kwa mwaka, na kwamba kiangazi ni kirefu. Kwa hiyo mvua zilipoanza, wakati nyasi zimejaa kila mahali na hakuna mwenye shida, ndipo walipofunga sehemu moja isiguswe. Walifunga siku za shibe. Kiangazi kilipokolea waliifungua kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu, na ndama, ng'ombe wa kukamuliwa na maksai wa kulima wakapata pa kula. Hapakuwa na askari mwenye bunduki. Walinzi walikuwa ni makubaliano na aibu, na aliyevunja alishitakiwa mbele ya dagashida, mkutano wa wananchi wenyewe, akatozwa faini.

Dumu hilo lilipasukaje? Si kwa siku moja wala kwa mkono mmoja. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, miti ikakatwa kuni. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliziacha ngitili zao mbali, na kitu kisicho na mwenyewe karibu hakidumu. Ikafika wakati Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Wengi wetu tunaikumbuka aibu ya jina hilo, na vumbi la saa 9 alasiri lililoufanya mchana kuwa kama jioni.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kama HASHI. Mwanzoni walihimiza kupanda miche. Lakini kilicholeta badiliko kubwa kilikuwa kuwasikiliza wazee na kuirudisha ngitili. Mizizi ilikuwa haijafa. Ilikuwa chini ya ardhi, ikingoja kuachwa. Wakati kazi inaanza, ngitili zilizohesabiwa hazikufika hekta 1,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika mkoa kama ulivyokuwa wakati huo. Migunga ilirudi, nyuki wakarudi, na mama akapata kuni karibu. Jangwa lilirudi nyuma, si kwa sababu mvua iliongezeka, bali kwa sababu watu walikubali kutogusa.

Kwa hiyo tunamjibu Guku hivi. Baba, swali lako ni la haki, na wenye lango wanapaswa kulijibu. Lakini ukame utakapokuja tena, lango ambalo wewe na sisi tunaweza kulifungua ni lile tulilolifunga wenyewe wakati wa mvua. Mtu asiyeweka dumu chini ya kiti chake, mchana atabaki kutazama dumu la mwenzake.

Na hapa ndipo penye uchungu. Ngitili zetu nazo zinaanza kunuka uchoyo. Zipo za kijiji ambazo mchana zimefungwa, na usiku ng'ombe wa mwenye sauti huingia kimya kimya. Zipo zinazokodishwa kwa mwenye fedha kutoka mbali, na mjane mwenye mbuzi wawili anaambiwa alete fedha kwanza. Yupo pia anayeziita ngitili za jamii, lakini mlinzi ni mwanawe na faini inaingia mfukoni mwake. Hao hawako mbali. Wengine hukaa viti vya mbele kanisani, wakaimba kwa sauti nzuri. Tukizipima ngitili hizo kwa alama tatu za yule mama, zitashindwa zote tatu, na hatutakuwa na kinywa cha kuilaumu hifadhi yoyote.

Mvua zinakaribia. Siku chache zijazo majani yatajaa, na kila mtu atajiona tajiri kama tulivyojiona asubuhi ile ndani ya basi. Hizo ndizo siku za kufunga. Tunatoa shauri kwa baraza la parishi: kile kiteremko nyuma ya kanisa kifungwe mvua ya kwanza inaponyesha, kizungushiwe minyaa, kiwe ngitili ya parishi. Siku ya kukifungua itangazwe tangu sasa mbele ya waumini wote. Wa kwanza kuingiza mnyama wake awe mjane na asiye na mtu. Wa mwisho wawe wazee wa kanisa na sisi tunaoandika kurasa hizi.

Guku amekwisha kutuambia kwamba ataleta miche ya minyaa. Yule kijana wa asubuhi ile amejitolea kuwa mlinzi. Tulipomwuliza mama yetu wa dumu atachangia nini, alicheka, akasema yeye atapita kila jioni kuangalia kama kuna kwato za usiku.